Sura ya Sita: Kabla ya Kisu na Baada Yake

Upasuaji wa mtoto wa jicho, ukifanywa na daktari mzoefu, hauchukui muda mrefu. Mara nyingi dakika 15 zinatosha kuitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Mgonjwa akirudi kijijini husimulia dakika hizo: taa kali, sauti ya daktari, bandeji iliyofunguliwa kesho yake asubuhi. Sura hii inahusu saa, siku na miaka iliyo pande zote mbili za dakika hizo. Huko ndiko muuguzi wa macho anakofanya kazi, na kwa niliyoyaona katika hospitali za Tanzania, huko ndiko macho mengi yanakookolewa au kupotea.

Tuanze na chati iliyo ukutani. Ile ya herufi ilibuniwa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa Utrecht, Uholanzi. Kwa asiyesoma tunatumia chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye anaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Mgonjwa hukaa umbali wa mita 6. Tukimwandikia 6/60, maana yake ni kwamba anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Asiyeiona hata herufi kubwa ya juu tunamsogelea: kwanza mita 3, halafu ahesabu vidole, halafu aseme kama anauona mkono ukipungwa, mwisho tochi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, aliye chini ya 3/60 katika jicho lake lililo bora ni kipofu, hata kama amefika kliniki mwenyewe kwa kuhesabu hatua.

Kazi hii ni rahisi kuifanya vibaya. Mzee huchungulia kupitia vidole vya mkono aliozibia jicho. Mama aliyekaa kwenye foleni ameshaikariri mistari ya waliomtangulia. Mtoto hujibu kile anachodhani nesi anataka kusikia. Ukiandika 6/18 kwa jicho lililo 6/60, umemrudisha nyumbani mtu aliyestahili upasuaji, na huenda asipate nauli ya kuja tena. Kwa hiyo jicho huzibwa kwa kizibo badala ya vidole, chati hugeuzwa, na anayesita husubiriwa. Wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo huchoka haraka na kazi hii, nami huwashikilia hapohapo mpaka waiheshimu.

Kisha nampa mgonjwa kibao cheusi chenye vitundu vidogo, atazame chati ileile kupitia kitundu kimoja. Kitundu hicho huzuia miale iliyotawanyika na kuruhusu ile inayopita katikati pekee. Kama aliyekuwa 6/60 sasa anasoma 6/12, jicho lake linahitaji miwani, halihitaji kisu. Nimewapokea watu waliouza mbuzi ili wafike hospitali ya rufaa, wakiamini wanakuja kupasuliwa, kumbe dawa yao ilikuwa miwani ambayo ingeweza kutolewa wilayani kwao kama pangekuwa na mtu mwenye kibao kile. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Kundi kubwa kuliko yote katika hao bilioni ni la watu ambao umri umewanyima kuona vitu vya karibu: fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi, mama anayechambua mchele na mawe yake. Hao hawahitaji hata kufika thieta.

Kipimo kinachofuata huchukua chini ya dakika moja, nacho ndicho ninachokipigania kuliko vingine. Kabla ya kutia matone ya kupanua mboni, tunapunguza mwanga chumbani na kuihamisha tochi kutoka jicho la kulia kwenda la kushoto, kisha kuirudisha. Mboni mbili hufanya kazi pamoja, ukimulika moja zote husinyaa. Lakini tochi ikihamia kwenye jicho ambalo mshipa wake wa fahamu umeharibika, mboni hupanuka mbele ya mwanga. Mtoto wa jicho peke yake, hata awe mweupe kama maziwa, haleti dalili hiyo. Ukiiona, ujue nyuma ya ule ukungu kuna jambo jingine, pengine presha ya macho ya muda mrefu au retina iliyobanduka, na upasuaji hautarudisha uoni ambao familia inautarajia.

Matone yakishaingia, mboni zote mbili zinabaki wazi na dalili hiyo haionekani tena kwa saa kadhaa. Muuguzi asiyefundishwa hili, akiwa na benchi lililojaa na daktari anayeuliza wagonjwa wako wapi, hupita akimtia kila mmoja matone. Foleni inakwenda haraka. Kisha mzee anafanyiwa upasuaji safi usio na dosari, bandeji inafunguliwa, na giza liko palepale. Kijiji kizima kinasikia kwamba hospitali imemharibu macho, na wenzake watano waliokuwa wanajiandaa kuja wanaghairi.

Lenzi ya bandia nayo haifanani kwa watu wote. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takribani milimita 23 au 24 kutoka mbele hadi nyuma, lakini lako na langu hayako sawa. Tunapima mviringo wa kioo cha jicho, kisha tunapima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti, na kutokana na namba hizo tunapata nguvu ya lenzi. Kosa la milimita 1 katika urefu huleta kosa la dayopta kati ya 2.5 na 3. Hesabu hiyo ina uzito katika maisha ya mtu: aliyetarajiwa kuona ng'ombe wake malishoni ataona vizuri kitu kilicho umbali wa mkono, na baada ya hapo ukungu. Kosa lenyewe hutokea kirahisi mno. Ukikigandamiza kidogo kile kipimo juu ya kioo cha jicho, jicho linabonyea, mashine inasoma jicho fupi, nawe unaagiza lenzi yenye nguvu kupita kiasi.

Tatizo hilo lina umri sawa na lenzi zenyewe. Harold Ridley, daktari Mwingereza, aliona wakati wa Vita Kuu ya Pili kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vinaweza kukaa humo bila jicho kuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, aliweka lenzi ya plastiki katika jicho la mwanamke wa miaka 45. Jicho liliipokea. Lakini nguvu ya lenzi haikuwa sahihi, na yule mama akabaki na tatizo kubwa la kutoona mbali. Kabla ya lenzi hizo kuenea, waliopasuliwa walipewa miwani minene mizito. Mjukuu akiivunja, babu alirudi kwenye upofu siku hiyohiyo. Kila ninapomkabidhi daktari karatasi ya vipimo, jina la mgonjwa na jicho linalopasuliwa nimeshavisoma kwa sauti mbele ya mwenzangu.

Sasa tuingie thieta. Mgonjwa wetu wa kawaida ni mtu wa miaka 70 ambaye hajawahi kulazwa, na anaambiwa alale chali bila kutikisika wakati mtu anafungua jicho lake akiwa macho. Ganzi inaondoa maumivu. Hofu inabaki, na hofu ni jambo la kitabibu, maana humpandisha mtu presha ya damu, humfanya ajikaze na kushika pumzi. Jicho likiwa wazi na mgonjwa akajikaza au kukohoa ghafla, vilivyo ndani husukumwa kuelekea kwenye mkato. Katika baadhi ya macho, mshipa wa damu hupasuka kwa nyuma na jicho hupotea palepale mezani.

Kwa hiyo muuguzi mmoja hukaa chini ya shuka la kijani, mkono wake ndani ya mkono wa mgonjwa.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumeanza?"

"Bado kidogo. Mkono huu ni wangu. Ukitaka kukohoa usiinue kichwa, nibinye vidole. Daktari atasimama, utakohoa, tutaendelea."

"Na chafya je?"

"Chafya vilevile, nibinye."

"Na nikiogopa?"

"Nibinye, Bibi. Nipo mpaka mwisho."

Hiyo ni sehemu ya upasuaji sawasawa na kisu. Madaktari niliofanya nao kazi wanajua: muuguzi wa mkono akiwa mzuri, jicho linakuwa tulivu. Sauti ya kumwongelesha mzee wa Kimasai si ile ya kumwongelesha mwalimu mstaafu, na kuna wanaotaka uwasomee dua kuliko uwaambie chochote. Mtu hujifunza hayo kwa kukaa, na anayekaa thieta ya macho wiki mbili kabla ya kupelekwa kwingine hayapati.

Kuna mambo mengine ya thieta ambayo mgonjwa hatayajua kamwe. Vijidudu vinavyoingia ndani ya jicho baada ya upasuaji mara nyingi hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo sababu povidoni ayodini ya asilimia 5 hutiwa juu ya jicho na kuachwa dakika 3 kamili kwa saa ya ukutani, hata daktari akiwa ameshavaa glavu na anasubiri. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa madaktari wa Ulaya yaliyoonyesha kwamba miligramu 1 ya sefuroksimi ikiwekwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza hatari ya maambukizi hayo karibu mara 5. Lakini dawa hiyo huja katika chupa ya miligramu 750, na ni muuguzi anayeichanganya mpaka ipatikane miligramu 1 ndani ya mililita 0.1. Nukta ikikaa pasipo pake, jicho limepewa mara kumi ya dozi. Tunachanganya wawili, mmoja akihesabu na mwingine akimkagua.

Anayetilia shaka uzito wa kazi hii namshauri aangalie Madurai, kusini mwa India. Mwaka 1976 Dk. Govindappa Venkataswamy alifungua huko hospitali ya macho ya Aravind yenye vitanda 11. Leo Aravind ni miongoni mwa watoa huduma za macho wakubwa kabisa duniani, na siri yake haikuwa mikono ya madaktari peke yake. Walichukua wasichana wa vijijini waliomaliza shule, wakawafundisha miaka miwili kazi mahususi za macho: kupima, kuandaa, kusaidia mezani, kuelekeza wagonjwa. Daktari akimaliza jicho moja anageuza darubini kwenye meza ya pili, na mgonjwa aliye pale tayari ameshasafishwa, ameshatiwa ganzi, lenzi yake imeshakaguliwa. Hapa kwetu nimeona daktari bingwa akisukuma machela mwenyewe. Anaonekana mnyenyekevu, na ni mnyenyekevu kweli, lakini katika muda ule wa kusukuma, jicho moja zaidi lingekuwa limepasuliwa.

Kesho yake asubuhi bandeji hufunguliwa. Ni saa yenye furaha nyingi, na sitaisimulia kwa kirefu kwa kuwa imeshasimuliwa sana. Nitasema tu kwamba nikishafurahi na mgonjwa, nachukua chati ile ya ukutani na kumpima, na namba inaingia daftarini hata kama ni mbaya. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watakaobaki chini ya 6/60 baada ya upasuaji wasifike asilimia 5. Hospitali isiyoandika namba hizo haiwezi kujua iko wapi. Kisha namweleza mgonjwa na aliyekuja kumchukua dalili tatu: maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, uoni unaoshuka. Mojawapo ikitokea aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Namwomba msindikizaji anirudishie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, naanza upya.

Wakati mwingine hakuna daktari wala muda wa kumngojea. Fundi ujenzi ameingiwa na chokaa, kijana wa gereji amerukiwa na maji ya betri, mama anayetengeneza sabuni amerushiwa magadi makali. Asidi huunguza juu, na mara nyingi protini zilizoungua hugeuka ukuta unaoizuia isizame. Chokaa, saruji na magadi havina huruma hiyo. Huyeyusha mafuta ya chembe hai na kuendelea kuzama ndani ya jicho muda wote vinapobaki pale. Kinachoamua uoni wa mtu huyu ni dakika za kwanza. Hatujazi faili, hatuulizi bima. Tone la ganzi, dripu ya maji ya chumvi, na jicho linasafishwa nusu saa au zaidi, kope la juu limegeuzwa ili punje zilizojificha zitoke. Tunapima kwa karatasi ya pH, tunangoja dakika kadhaa, tunapima tena, na tunaacha pale tu jicho linaporudi kati ya 7 na 7.5. Jina lake tutaandika baadaye. Na kama wewe msomaji utamkuta mtu kama huyo mtaani, usimpakie bodaboda kwanza. Mwagie maji safi mengi machoni, ndipo umsafirishe.

Aliyetemewa na swila anahitaji maji hayohayo. Nyoka huyu huelekeza sumu usoni, na maumivu yake ni ya kumfanya mtu mzima alie. Sumu ikisafishwa mapema jicho hupona kwa kawaida. Sindano ya kuzuia sumu ya nyoka haitiwi jichoni, na aliyetemewa machoni bila kuumwa kwa kawaida haihitaji.

Vidonda vya kioo cha jicho ni habari nyingine, na hapa nina uchungu. Mkulima amechomwa na jani la mahindi. Fangasi zilizokuwa kwenye jani zimeingia. Siku za kwanza nyumbani wanatia majani yaliyosagwa, maziwa ya mama anayenyonyesha, wakati mwingine mkojo. Kisha mtu anakwenda dukani na kuuziwa chupa ndogo yenye deksamethasoni. Wekundu unapungua, maumivu yanatulia, na chini ya utulivu huo fangasi zinakula kioo cha jicho, kwa sababu dawa hiyo imezilaza kinga za mwili. Akifika kwetu pana doa jeupe katikati ya jicho.

Hapo kazi ya daktari huwa fupi: kukwangua kidonda, kuangalia kwa darubini, kuandika natamaisini kila saa. Kila saa maana yake ni kila saa, saa sita usiku, saa saba, saa nane, na muuguzi wa zamu ndiye anayemwamsha mgonjwa. Huyohuyo ndiye anayepaswa kuupata ukweli wa kilichotiwa nyumbani. Ukimuuliza mtu kwa ukali, "Umeweka dawa za kienyeji?" atakataa, na wewe utatibu kitu usichokijua. Mimi huuliza, "Kabla ya kuja, nyumbani mlijaribu kumsaidia kwa nini?" Watu husema. Walikuwa wanajaribu kusaidia kweli, na swali linawaachia heshima hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao muuguzi hushika kisu mwenyewe. Vikope, vikimrudia mtu tangu utotoni, huacha makovu ndani ya kope la juu hadi linakunjika, na nywele zake zinakwangua kioo cha jicho kila anapopepesa. Tanzania imewafundisha wauguzi kufanya upasuaji wa kuligeuza kope hilo, katika vituo vya afya na hata chini ya mwembe. Wilaya ya Kongwa, Dodoma, ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba katika vijiji vilivyohamasishwa kunawisha watoto nyuso pamoja na kuwapa dawa, vikope vikali vilikuwa vichache kuliko katika vijiji vilivyopata dawa pekee. Mahali ambapo ndoo ya maji hubebwa kwa mwendo mrefu, kumshawishi mama atenge kikombe kimoja kwa ajili ya uso wa mtoto ni kazi ya uuguzi pia.

Nimeuacha mwishoni ugonjwa unaoninyima usingizi. Presha ya macho haiumi. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, ikianza kula pembeni, na mtu anaendelea kusoma gazeti huku akigonga mabega ya watu sokoni. Kilichopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika huelekea kuanza mapema na kwenda kwa kasi zaidi, na ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wako katika hatari kubwa kuliko wengine. Matone huzuia usiendelee, na hutiwa maisha yote.

Jiweke katika nafasi ya mgonjwa. Unaambiwa ununue chupa kila mwezi, ambayo haitakufanya uone vizuri zaidi, kwa ugonjwa usiousikia, mpaka kufa. Wengi huacha, na siwalaumu kwa jambo ambalo hawakuelezwa ipasavyo. Daktari ana dakika chache kwa kila mgonjwa, maelezo ni yangu. Namwonyesha jinsi ya kuvuta kope la chini na kutia tone moja, maana jicho halina nafasi ya la pili na linalomwagika shavuni ni fedha. Afumbe jicho na kubonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isiteremke kooni na kuingia kwenye damu. Kama ana chupa mbili, apishe dakika 5 katikati. Na kabla ya yote hayo namuuliza kuhusu pumu na mapigo ya moyo, kwa sababu timololi, tone dogo linaloonekana halina madhara, inaweza kumbana kifua mwenye pumu mpaka akafa. Swali hilo limeshawaokoa watu ambao ndani ya faili zao hapakuwa na neno lolote kuhusu pumu.

Halafu kuna wasiofika kabisa. Mwaka 2002 Susan Lewallen na Paul Courtright, waliokuja kufanya kazi Moshi, walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wanaume, ingawa wao ndio wenye ugonjwa huo zaidi. Nayaona hayo kila tunapokwenda kwenye huduma ya mkoba. Babu analetwa na wanawe wawili. Bibi anasema, "Mimi nimeshazeeka, nione nini tena? Pelekeni hela kwa watoto wasome." Nimejifunza kutobishana naye. Namtafuta mtoto wa kiume anayeshika fedha, namkalisha, namuuliza nani anampikia mama, nani anampeleka chooni usiku, na mjukuu yupi ameacha shule ili amshike fimbo. Mara nyingi jina la mjukuu ndilo linaloleta nauli.

Haya yote yanahitaji muuguzi anayebaki. Serikali na wafadhili hugharamia mafunzo ya macho ya muuguzi, anarudi na cheti, anafanya kazi yake, kisha wodi ya wazazi inapungukiwa watu na jina lake linatokea kwenye barua ya uhamisho wa ndani. Naelewa upungufu ulivyo, mama anayejifungua hawezi kusubiri. Lakini mwenye presha ya macho naye hasubiri, isipokuwa yeye hapigi kelele. Niliwahi kuhamishwa hivyo katika hospitali mojawapo. Daftari la wagonjwa wa presha ya macho, lenye namba za simu za watu na tarehe za chupa zao kuisha, lilibaki kwenye droo kwa kuwa hakuna aliyekabidhiwa. Niliporudishwa nilianza kupiga simu kuanzia ukurasa wa kwanza. Wengi walikuwa wameacha matone. Baadhi yao simu ilipokelewa na mtoto, akaniambia mzee sasa anaongozwa.

Waganga wafawidhi na matroni watakaosoma sura hii nawaomba jambo moja linalowezekana hata bila bajeti mpya. Kabla ya kusaini uhamisho wa muuguzi wa macho, andikeni kwenye barua ileile jina la atakayelichukua daftari lake na kibao chake cha vitundu, na muwape hao wawili mwezi mzima wa kukaa pamoja kliniki.